Kusoma na kutembea India: mwongozo kwa mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki

Wanaokwenda kusoma India hujiandaa kwa pilipili, joto na ng'ombe barabarani. Hayo yote mtu huyazoea haraka. Kinachowatesa watu ni karatasi: fomu ambayo mwenye nyumba hakuituma, mkataba usio na sahihi, kibali kinachoisha wiki ya mitihani. Mimi nimesoma Pune, mji wa vyuo katika jimbo la Maharashtra, kilomita kama 150 kutoka Mumbai. Wenzangu walioifaidi nchi ile walikuwa wale waliomaliza mambo ya ofisi mapema wakabaki na kichwa chepesi cha kupanda treni. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia ofisini na kuelekea stesheni. Mifano mingi ni ya Pune. Ukienda Bengaluru, Hyderabad au Chennai, lugha na bei za nyumba zitabadilika, lakini sheria za uhamiaji ni zilezile.

Hatua ya 1: Chuo kwanza, tiketi ya ndege baadaye

Mawakala wa vyuo vya India wamejaa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na wengi hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Si kosa, ila likumbuke hilo mtu anapokusifia chuo. Kabla hujalipa chochote, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya UGC, tume inayosimamia vyuo vikuu vya India. Tume hiyohiyo hutangaza orodha ya vyuo feki, isome pia. Kwa kozi za udaktari, uuguzi na famasi, kutambuliwa kwa chuo hakutoshi: kozi yenyewe iwe imekubaliwa na baraza la taaluma hiyo.

Halafu geukia nyumbani. Mtanzania anahitaji cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mkenya aulize mapema CUE, tume ya vyuo vikuu ya Kenya, kama shahada hiyo itatambuliwa akirudi. Watu huyaona haya ni urasimu mtupu mpaka siku ya kuomba kazi serikalini.

Kuhusu ufadhili, anza na ICCR, baraza la uhusiano wa kitamaduni la serikali ya India, lililoanzishwa 1950. Hulipa ada na posho ya mwezi, na maombi unayatuma mwenyewe mtandaoni kupitia mfumo wao wa A2A. Anayekudai pesa ili "akupitishie" ICCR, mkimbie.

Ukipewa karatasi ya ada, usishangae kuona 1,50,000. Mkato haukukosewa, hiyo ni laki moja na nusu, na Wahindi huhesabu kwa laki kama sisi. Wakisema karori moja, ni laki mia. Na kama unachotaka kusoma ni sayansi ya data na akili unde, angalia kwanza Zanzibar: IIT Madras, moja ya vyuo vikubwa vya teknolojia India, ilifungua tawi huko 2023. Huenda safari yako ikawa ya boti tu.

Hatua ya 2: Funga begi la mkononi kabla ya sanduku

Begi la mkononi ndilo lenye maisha yako: pasipoti yenye viza ya mwanafunzi, barua ya kupokelewa chuoni, vyeti halisi vya sekondari, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya safari. Msafiri anayetua bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Skani kila kitu, jitumie kwenye barua pepe, kisha mwachie nakala mtu wa nyumbani anayepokea simu usiku.

Kwenye sanduku, mambo machache tu. Plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii kwenye soketi za India, ambazo ni za pini za mviringo; beba adapta mbili. Umeme ni uleule wa volti 230. Beba sweta, hasa ukienda kaskazini: Delhi ya Mei hufika nyuzi 45, na Delhi ileile ya Januari utalala na soksi. Pune ina huruma zaidi, lakini usiku wa Desemba nao una baridi yake. Wadada wabebe rasta na mafuta ya nywele ya kutosha. Msusi anayezijua nywele zetu ni nadra, na kwa kawaida utamkuta ni mwanafunzi mwenzako anayesuka Jumapili chumbani kwake.

Mvua za monsuni hunyesha Juni hadi Septemba, na mwaka wa masomo huanza humohumo, Julai au Agosti. Viatu vya ngozi viache nyumbani.

Hatua ya 3: Fika mchana

Air Tanzania huruka Dar–Mumbai na Kenya Airways huruka Nairobi–Mumbai, safari ya saa sita hivi. Ukiweza kuchagua, chagua ndege inayotua asubuhi. Kutoka Mumbai hadi Pune kuna mabasi, teksi na treni, lakini saa nane ya usiku, na masanduku mawili na simu isiyo na laini, bei ya kila kitu huwa ni ya mgeni.

Laini nunua kwenye duka rasmi la kampuni ya simu kwa pasipoti na viza. Isajiliwe kwa jina lako, usikubali ya "rafiki wa rafiki", maana namba hiyo ndiyo itakayopokea nywila za benki, za treni na za uhamiaji. Beba dola, ubadilishe kidogo uwanjani na nyingine mjini. Nyumbani waambie mapema kwamba India iko mbele kwa saa mbili na nusu: ikiwa saa mbili usiku Dar, kwako ni saa nne na nusu na mlango wa hosteli umeshafungwa.

Hatua ya 4: Siku 14 za mwanzo ni za FRRO

Kama viza yako ya masomo inazidi siku 180, unatakiwa ujisajili kwa ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kufika. Siku hizi usajili unafanyika mtandaoni kupitia e-FRRO, na wengi hawalazimiki kukanyaga ofisini. Hiyo ndiyo habari njema. Mbaya ni kwamba nyaraka zinazotakiwa ziko mikononi mwa watu wengine watatu, kila mmoja na ratiba yake.

Wa kwanza ni ofisi ya wageni chuoni. Kutoka kwake unataka barua inayoitwa bonafide, inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wao kweli. Iombe siku ya kwanza unayofika chuoni, na omba nakala tatu zenye muhuri, kwa sababu benki nayo itaitaka. Wa pili ni mwenye nyumba au msimamizi wa hosteli. Yeye anapaswa kuitaarifu serikali mtandaoni kwamba amempokea mgeni, kwa fomu ambayo wengi bado wanaiita Fomu C. Hosteli za chuo zinaijua. Mwenye nyumba wa kawaida mara nyingi haijui, au anaijua na anaikwepa, na hapo ndipo siku zinapoyeyuka. Usilipe kodi kabla hajakubali kuituma. Mwambie kwa upole, kaa naye, ikibidi mjazie kwenye simu yake. Wa tatu ni mwandishi wa mkataba wa nyumba, na habari za mkataba zinakuja hapa chini.

Ukishapata kibali cha ukaazi, kichape, kihifadhi kwenye simu, na andika tarehe ya kuisha kwake mahali utakapoiona kila siku. Ukihama nyumba, toa taarifa. Ukitaka kubadili chuo au kozi, omba ruhusa ya uhamiaji kwanza. Kuhama kimyakimya huhesabiwa kuvunja masharti ya viza. Na kazi ya kulipwa hairuhusiwi kwa viza ya mwanafunzi. Utakutana na watu wanaofanya. Utakutana pia na habari za waliorudi Afrika bila shahada.

Hatua ya 5: Nyumba

Mwaka wa kwanza kaa hosteli ya chuo, hata kama choo ni cha pamoja na lango linafungwa mapema. Unapata Fomu C bila ugomvi, chakula, na watu wa kukuonyesha mji. Ukitaka kutoka, kuna njia mbili. PG ni chumba kwenye nyumba ya mtu au jengo la vyumba vya wanafunzi, chakula mara nyingi kikiwemo. Nyingine ni kupanga fleti na wenzako. Tangazo likisema 2BHK, maana yake vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko.

Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja hivi. Mkataba kwa kawaida huwa wa miezi 11, na Maharashtra hata huo lazima usajiliwe. Amana Pune kwa kawaida ni kodi ya miezi miwili au mitatu, lakini Bengaluru ina sifa mbaya: wapo wenye nyumba wanaodai hadi ya miezi kumi. Piga picha kila ukuta, bomba na kioo siku ya kuingia, mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Siku ya kutoka, "gharama za kupaka rangi" hutafuta pa kuanzia.

Utakataliwa nyumba. Mara utaambiwa wanataka familia tu, mara wasiokula nyama, mara dalali atasema wazi kwamba mwenye nyumba hataki Waafrika. Usipoteze siku kubishana. Uliza wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokutangulia majengo gani yanapokea watu. Karibu kila mji wenye vyuo una umoja wao, na orodha hiyo isiyoandikwa ndiyo faida yake kubwa kupita sherehe za Uhuru.

Hatua ya 6: Pesa

Mwanafunzi wa kigeni hufungua akaunti inayoitwa NRO, kwa pasipoti, viza, barua ya chuo na picha. Anwani ya India unaithibitisha ndani ya siku 30. Ukipata akaunti, weka UPI, mfumo wa malipo ya simu, kwenye simu yako. Ilizinduliwa 2016, na leo hata muuza mahindi ya kuchoma amebandika kibao cha QR kwenye mkokoteni. Ukizoea M-Pesa utaielewa mara moja, tofauti ni kwamba pesa inatoka benki moja kwa moja hadi benki nyingine, na kwa matumizi ya kawaida hukatwi ada. Hata hivyo usitembee bila noti kabisa. Mtandao hukatika, tena ukiwa umeshakunywa chai ya watu.

Hatua ya 7: Tumbo

Chapati, chai, sambusa, biriani, bhajia, achari: majina unayajua, ladha zitakushangaza. Chapati ya kila siku haina mafuta mengi kama yetu, na chai ni kikombe kidogo, kitamu mno, hunywewa umesimama. Katika wiki mbili za mwanzo kula vilivyopikwa ukiwa unaviona na vya moto, kunywa maji ya chupa au ya chujio la RO, achana na juisi zenye barafu na chatine za maji maji. Tumbo likiharibika, nunua ORS kwenye duka la dawa, ambalo wenyeji huliita medical. Homa kali wakati wa mvua usiiite uchovu. Kapime dengi na malaria siku hiyohiyo.

Pakiti yenye kitone cha kijani haina nyama. Ya nyama, samaki au mayai ina alama ya kahawia. Hosteli nyingi hupika bila nyama kabisa, na zingine hazitaki hata uilete. Kuhusu ng'ombe, heshimu sheria: majimbo mengi yanakataza kumchinja, na Maharashtra ilikaza zaidi 2015 ikaongeza madume. Usibebe nyama kavu ya ng'ombe kutoka nyumbani kwa kisingizio cha "ni kidogo tu". Kuku, mbuzi na samaki wapo.

Ugali? Upo, ukijua kuuomba. Ukitaja corn flour dukani utapewa wanga mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito, na sufuria haitakusamehe. Sema makka atta, unga wa mahindi, mara nyingi wa njano. Wengine husonga semolina. Toor dal ni mbaazi, rajma ni maharage, palak ni mchicha wa kizungu. Maharashtra wana bhakri, mkate wa mtama au uwele, unaoliwa na pithla ya unga wa dengu. Panda ngome ya Sinhagad nje ya Pune asubuhi, ule huko juu pamoja na bhajia za vitunguu na mtindi wa kwenye kijungu. Na ukifika Kerala, agiza kappa na mchuzi wa samaki. Kappa ni muhogo. Watu wa Tanga na Mombasa huwa wananyamaza kidogo wakionja.

Hatua ya 8: Darasani

Hapa sitakaa sana. Vyuo vingi hudai mahudhurio ya asilimia 75, na hawatanii: chini ya hapo unaweza kuzuiwa mtihani. Daftari la maabara husahihishwa kwa mwandiko na mistari. Mwalimu huitwa sir au madam, na akiingia mnasimama. Somo ulilofeli huitwa backlog, na hukufuata muhula baada ya muhula mpaka ulilipe. Wahindi wenzako watakuwa na maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Urafiki ujengwe kabla ya Novemba.

Hatua ya 9: Jifunze lugha ya jimbo, halafu Kihindi

Kihindi kitakusaidia Delhi, kitakusaidia nusunusu Pune, na Chennai kinaweza kukununia. Katiba inazitaja lugha 22. Pune ni Kimarathi, na maneno machache tu hushusha bei na kuinua nyuso: kiti (bei gani), nako (sitaki), thamba (simama), davikade (kushoto), ujvikade (kulia). Dereva wa rikisha anayesikia davikade kutoka kwa Mtanzania mara nyingi huwasha mita mwenyewe. (Rikisha ni bajaji yetu ileile, kampuni ya Bajaj iko hapohapo Pune.)

Kuna mtego wa kuwaita watu. Kwa Kimarathi, dada ni kaka mkubwa, kaka ni baba mdogo, na mama ni mjomba. Kwa hiyo dereva kijana ni dada, mzee wa duka ni kaka, na askari wa trafiki, vijana humwita mama kwa utani. Dada zetu wa Kiswahili huko ni tai. Ukishuka kusini, mwanamume ni anna, mwanamke ni akka. Usimwite mtu kwa jina lake tupu kama amekuzidi umri; huko nako wanaitana kwa ukoo kama kwetu.

Maduka mengi ya zamani Pune hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, na mwenye duka hajali kwamba umetoka mbali.

Hatua ya 10: Macho ya watu

Utatazamwa. Kwenye basi, sokoni, kliniki. Mtoto atakugusa nywele, familia nzima itaomba picha nawe kana kwamba wewe ni mnara wa kihistoria. Nyingi ni udadisi, na unaweza kukubali au kukataa kwa tabasamu. Lakini pia utaitwa kalu, mweusi, kwa sauti ya kukudhalilisha, na mara nyingine udadisi si udadisi. Mwishoni mwa Januari 2016, Bengaluru, mwanafunzi wa kike wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa, Mwafrika asiye hata wa nchi yake. Kwa watu wale Waafrika wote walikuwa mmoja. Jambo hilo ulijue kabla ya kupanda ndege.

Ninachomwambia kila anayekwenda: kwenye ajali au ugomvi wa mtaani usingoje umati ukue. Ondoka, ingia dukani, hospitalini au kituo cha polisi, piga 112, kisha ofisi ya wageni ya chuo, kisha ubalozi wako New Delhi. Namba hizo ziwe kwenye simu na kwenye karatasi. Usiendeshe pikipiki bila leseni na bima kwa sababu wenzako wanaendesha. Na usijifungie na wa nyumbani tu. Rafiki mmoja Mhindi anayeweza kuongea na polisi kwa lugha yao anafaa kuliko Waswahili kumi waliokasirika.

Sikukuu ni mlango mzuri wa kuingia. Ganesh, Agosti au Septemba, Pune huadhimisha kwa siku kumi, na maandamano ya mwisho ya kuzamisha sanamu hupita usiku hadi mchana wa pili. Siku hiyo usipange kwenda popote kwa gari. Kwenye Holi, sikukuu ya kupakana rangi, vaa nguo za kutupa, paka mafuta kichwani, na uliza kilichomo kwenye thandai, kinywaji cha maziwa, kabla ya kuinywa. Wengine huitia bhangi.

Hatua ya 11: Treni

Kama huna muda wa kusoma yote, soma hapa. Ndege India ni nafuu na basi lipo kila mahali, lakini anayeishi India bila kulala kwenye treni amekaa ukumbini hakuingia ndani.

Fungua akaunti ya IRCTC, mtandao wa tiketi za reli. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za sikukuu huisha siku hiyohiyo. Madaraja ya kulala yanayomhusu mwanafunzi ni mawili: SL, madirisha wazi na feni, na 3A, yenye kiyoyozi na shuka. Kwa safari ya kwanza ya usiku chukua 3A. Desemba hadi Februari SL haina ubaya, na ndiko mazungumzo yaliko.

Soma hali ya tiketi kabla hujafurahi. CNF una kitanda. RAC umepata kukaa, mnagawana kitanda cha pembeni na mtu mwingine mpaka nafasi ipatikane. WL uko kwenye foleni; tiketi ya mtandaoni ikibaki WL hadi orodha ya mwisho inajifuta, pesa inarudi, na huruhusiwi kupanda nayo. Tiketi za dharura za Tatkal hutoka siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi na saa tano kwa mengine. Tangu Julai 2025 mtandao unazitoa kwa akaunti zilizothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India, kwa hiyo usizitegemee. Miji mikubwa ina kiasi cha nafasi zilizotengewa watalii wa nje. Uliza kaunta, na pasipoti mkononi.

Saa za tiketi ni za mzunguko wa 24. Treni ya 00:20 tarehe 14 unaifuata usiku wa tarehe 13. Wapo waliofika stesheni na masanduku yao kwa utulivu, saa ishirini na nne wamechelewa.

Kitanda cha juu ndicho cha kulala: hakuna anayekuomba usogee, na begi linakaa kichwani. Cha kati hufunguliwa saa nne usiku na kukunjwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla na baada ya hapo mnakaa wote chini. Mabegi yafunge kwa mnyororo chini ya kiti; minyororo huuzwa stesheni. Pasipoti ikae mwilini, maana mkaguzi atataka kuiona.

Halafu ongea. Utaulizwa unatoka nchi gani, baba anafanya kazi gani, umeoa, kodi ni kiasi gani. Si umbea, ndivyo wanavyofungua mazungumzo, nawe uliza vilevile. Familia yenye watoto ikikukaribisha chapati na achari, kula. Mtu peke yake anayekung'ang'aniza biskuti usiku, mshukuru na useme umeshiba.

Hatua ya 12: Pa kwenda

Taj Mahal utakwenda tu, kwa hiyo jua kwamba Ijumaa imefungwa. Mapango ya Ajanta hufungwa Jumatatu na ya Ellora Jumanne. Kwenye majengo ya kale ya serikali kiingilio cha mgeni ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha mwenyeji, na kubishana na mkata tiketi hakusaidii. Piga simu hotelini kabla: za bei ya chini nyingi hazipokei wageni wa nje, kwa sababu ya ile Fomu C.

Lakini mimi ningekuelekeza kwanza kwenye India ambayo Mwafrika ameshapita. Kutoka Pune panda basi hadi Aurangabad, siku hizi Chhatrapati Sambhajinagar. Aliyeuanzisha mji huo, 1610, kwa jina la Khadki, ni Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akafika Deccan, nyanda za juu za kusini mwa India, akawa jemadari na mtawala aliyewasumbua Wamughali, watawala wa India ya kaskazini, hadi alipofariki 1626. Kaburi lake liko Khuldabad, njiani kuelekea Ellora, ambako hekalu la Kailasa lilichongwa kwenye mwamba mmoja kuanzia juu kushuka chini, karne ya nane. Unaweza kuyaona yote mawili kwa siku moja.

Baharini, karibu na Murud, kuna ngome ya Janjira, iliyotawaliwa na Masidi, watu wa asili ya Afrika, na dola yao ikadumu hadi 1948. Boti huondokea Rajapuri na husimama wakati wa monsuni, hivyo nenda kuanzia Novemba. Ahmedabad, Gujarat, upo msikiti wa Sidi Saiyyed wa 1573, na dirisha lake la mawe lililochongwa mti wenye matawi yaliyosukana. Gujarat haiuzi pombe, usijisumbue kutafuta. Ukiendelea hadi upande wa msitu wa Gir, kijiji cha Jambur ni cha Masidi. Wanaongea Kigujarati, na ngoma yao wanaiita goma. Nenda na mwenyeji, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiwe kama wale wanaokuomba wewe picha stesheni.

Ukibaki na likizo, panda reli ya Konkan kutoka Mumbai kushuka Goa na Mangaluru. Njia nzima ilifunguliwa 1998, na mvua zikinyesha treni hupunguzwa mwendo, lakini ni wakati huohuo maporomoko huonekana dirishani. Kaa upande wowote.

Hatua ya 13: Kuondoka

Anza miezi miwili kabla. Chukua matokeo halisi ya kila muhula, cheti cha muda cha kuhitimu na cheti cha kuhama ambacho chuo kingine kitakidai ukitaka kuendelea na masomo. Kuvifuatilia ukiwa Dodoma au Kisumu ni kazi ya kumlipa mtu nauli. Dai amana yako kwa maandishi, toa pesa zote na ufunge akaunti ukiwa bado na laini ya India, kwa sababu benki itatuma nywila huko. Ondoka kabla kibali cha ukaazi hakijaisha. Mitihani ya marudio ikikubakiza, omba nyongeza ya muda kupitia e-FRRO mapema, pamoja na bonafide mpya. Na mkeka wa kulalia, ndoo na jiko la umeme mwachie anayekuja mwaka huo, pamoja na jina la jengo linalopokea watu.